Jedwali la Miamala: Kweli au Uongo?

"Komponenti ikishatengenezwa mara moja, inafaa kila ukurasa." Kweli, kwa upande wa sura: komponenti ni kipande cha ukurasa kinachotumika tena na tena. Tangu React, maktaba ya JavaScript, ilipotolewa mwaka 2013, watengenezaji wengi wa tovuti huunda jedwali moja la miamala wakalipachika kwa mteja, kwa mhasibu na kwa wakala. Rangi ya "Imelipwa" ikibadilishwa, imebadilika kote. Hapo sina ubishi.

"Tarakimu ni namba tu." Uongo, tena wenye hasara. Chukua mtu wa Kamachumu, Muleba, aliyenunua umeme wa LUKU kwa simu. Tokeni yake ina tarakimu 20. JavaScript ikiichukulia kama namba ya kawaida, usahihi wake kwa namba nzima unaishia 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Kuanzia hapo inakadiria, na tokeni ikianza na sifuri, sifuri hiyo hupotea. Jedwali litapendeza, lakini mita itaikataa tokeni, na mteja atakaa gizani ilhali pesa yake imekwishakatwa. Tokeni ni maandishi. Ipitishwe kama maandishi kutoka kwenye hifadhidata hadi kwenye kioo cha simu.

"Shilingi ni shilingi." Bukoba na Mutukula, mpakani na Uganda, si mbali, na mfanyabiashara wa mjini anaweza kupokea shilingi ya Tanzania asubuhi na ya Uganda jioni. Kwa kiwango cha sarafu cha ISO 4217, yetu ina nafasi mbili za senti (ingawa sokoni senti hazionekani tena), ya Uganda haina hata moja. Komponenti inayogawa kila kiasi kwa 100 itageuza USh 50,000 kuwa 500. Kwa hiyo ipewe kiasi na sarafu yake, visitenganishwe.

"Tarehe haina shida." Ina shida. Seva nyingi hutunza muda wa UTC, ulio nyuma yetu kwa saa tatu. Malipo ya saa nane usiku wa kuamkia Julai 1 yatasomeka Juni 30, 23:00 (saa tano usiku), na mhasibu wa halmashauri atayaweka kwenye mwaka wa fedha uliokwisha.

"Ikiandika Imelipwa, pesa imefika." Si lazima. Komponenti huonyesha ilichoambiwa mara ya mwisho. Kama jibu la benki au la kampuni ya simu halijarudi, neno linalostahili hapo ni "Inasubiri", na kando yake saa ambayo taarifa ilichukuliwa.