Rovu na Nyapara wa Mwili

Watu wengi wamwonapo mtu mwenye rovu hudhani kwamba tezi ya shingo yake imezidi nguvu, na wengine humcheka. Mara nyingi sivyo. Tezi ile imevimba kwa kutii amri.

Tezi hiyo, thairoidi, kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Hutumia iodini kutengeneza homoni mbili: thairoksini yenye atomu 4 za iodini, na nyingine yenye atomu 3, ambayo ndiyo kali zaidi. Zikizidi, mtu hukonda na moyo humwenda mbio. Zikipungua, huona baridi na kuchoka.

Nani basi hupima kiasi? Chini ya ubongo iko tezi ndogo iitwayo pituitari. Mfano wake ni nyapara wa wafyatua matofali, kama wale wa mabondeni mwetu. Matofali yakipungua, hutuma amri kazi iongezwe, yakitosha, hunyamaza. (Naye ana bwana wake katika ubongo, lakini kanuni ni ile ile.)

Je, udongo ukiisha? Nyapara haoni shimo la udongo, huona matofali tu. Ataongeza amri na wafanyakazi, wala matofali yasizidi. Ndivyo tezi inavyokua ikikosa iodini.

Tunao ushahidi karibu. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu upande wa Kongo, madaktari Delange na Ermans walichunguza jambo hili katika miaka ya 1960. Iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu lilienea upande wa kaskazini, si kusini-magharibi. Waligundua kwamba muhogo ulichangia: sumu yake isipotolewa vizuri kwa kulowekwa, mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia iodini kuingia katika tezi. Huko kaskazini walikuwako pia watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa, maana ubongo wa mtoto aliye tumboni hauwezi kungoja homoni.

Dawa ni chumvi yenye iodini, nayo yataka kipimo. Tezi iliyovimba miaka mingi huweza kuwa na sehemu zisizomsikiliza nyapara tena. Chumvi hiyo ilipoenezwa Kivu katika miaka ya 1990, baadhi ya wenye marovu ya zamani walipatwa na homoni kupita kiasi: udongo ulifika kwa wingi, na wafanyakazi wale hawakujua kuacha.