Kabla ya kununua parseli, tuulize kwanza kitabu cha ardhi

Mtu anayetafuta parseli hapa Kisangani, iwe Mangobo au Kabondo, huonyeshwa makaratasi mengi: fishi ya parseli kutoka komini, barua ya shefu wa kartie, hati ya mauzo yenye sahihi za mashahidi. Hakuna hata moja kati ya hayo inayomfanya mtu kuwa mwenye parseli mbele ya sheria.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Sisi tunapata haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati moja tu, ile yenye kichwa "certificat d'enregistrement", inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Hati hiyo huandikwa mara mbili. Moja anapewa mwenye haki, nyingine inabaki katika kitabu cha ofisi. Kwa hiyo ile iliyo mkononi mwa muuzaji haitoshi: inaweza kuwa ya uongo, au ya kweli lakini imekwisha kufutwa. Ile ya kitabuni ndiyo inayosema.

Wako ndugu wanaoona aibu kumwomba Mkristo mwenzao makaratasi. Wasome Yeremia 32. Nabii alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, kwa shekeli 17 za fedha. Walikuwa jamaa, na Mungu mwenyewe alikuwa ameagiza, lakini fedha ilipimwa, mashahidi wakatia sahihi, na hati mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi, Baruku akaziweka katika chombo cha udongo.

Basi, omba kopi ya hati ya muuzaji, uende nayo kwa konsevateri wewe mwenyewe, si kwa kumtuma komisioneri. Uliza kwa barua: jina gani limeandikwa kitabuni? Parseli imewekwa rehani? Kuna pingamizi au kesi tribinali? Dai jibu la maandishi, na risiti ya kila franga unayolipa. Kisha fundi wa kadastre apime mipaka majirani wakiwepo. Majirani wanajua mambo ambayo kitabu hakisemi. Mara nyingi muuzaji ni ndugu wa marehemu, na ndani ya nyumba bado anaishi mjane na watoto. Kama muuzaji ana mke, ridhaa ya mke nayo inahitajika. Na kwa ardhi ya kimila, sahihi ya mtu mmoja isikutulize: mzozo wa Wambole na Walengola ulioanza Lubunga Februari 2023 ulitokana na ardhi, na maelfu walikimbia nyumba zao.

Kulipa si mwisho. Mpaka konsevateri afute hati ya zamani na kuandika mpya kwa jina lako, kitabuni parseli bado ni ya muuzaji, naye anaweza kuiuza tena. Usitoe fedha yote kabla ya uhakikisho. Tena usikawie: hati ya mtu mwingine ikipita miaka miwili, kwa kawaida haipingwi tena, na wewe utabaki kudai fidia tu.

Kuna jambo moja linalohusu makanisa yetu. Sheria inatoa haki ya kudumu kwa raia Mkongomani kama mtu binafsi tu. Kanisa, kama shirika, hupata haki ya miaka 25 inayoweza kufanywa upya. Wengine wanakwepa hilo kwa kuandikisha parseli ya kanisa kwa jina la mchungaji. Siku akifariki, watoto wake ni warithi halali, na waamini waliochanga matofali hawana neno mbele ya tribinali. Wazee wa kila parokia wafungue sanduku la makaratasi wiki hii, waangalie hati imeandikwa kwa jina la nani, na muda wake unaisha mwaka gani.