Mbuyu hauchachi hata kiangazi

Wewe unayemumunya ubuyu wa rangi pale kituo cha daladala, umewahi kujiuliza mama yake anaishije? Dodoma na Iringa kule mvua zikikata, zimekata. Miezi sita na zaidi hakuna hata tone, nyasi zinageuka vumbi. Na mti wenyewe ni jitu la mita 20 hivi. Sasa linakunywa nini?

Jibu la kijiweni ni kwamba mbuyu ni tangi: unajaza masika, unakunywa kiangazi. Hapo kuna nusu ya ukweli. Maji yamo, tena zaidi ya nusu ya uzito wa shina lile ni maji. Ila watafiti walioipima mibuyu ya Madagaska, wakachapisha matokeo yao 2006, walikuta mti hauyafuji. Unayatoa mwishoni mwa kiangazi kuchipusha majani, ili mvua ya kwanza ikidondoka uwe umeshavaa, tayari kwa kazi.

Basi miezi yote ile? Unabana matumizi, kama mshikaji anayejua mshahara bado. Jani ndilo linalovujisha maji, kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo mbuyu unapukutisha majani yote, unabaki mtupu.

Mwezi wa nane fulani nilipita Ruaha Mbuyuni, barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Ungeapa ile miti imekufa. Basi liliposimama watu wachimbe dawa, mama mmoja wa makamo akaniambia, "Mwanangu, hebu kwaruza gome uone." Nikakwaruza kwa funguo. Chini ya lile ganda la kijivu, kijani kibichi! Kumbe gome nalo linapika chakula kwa jua, bila jani hata moja.

Na kwa nini usiyanywe tu yale maji? Kwa sababu mti wake ni laini kama sponji, na maji ndiyo yanayousaidia kusimama wima. Ukiyamaliza, unalegea. Ndiyo maana mbuyu uliokufa hauachi gogo la kupasua mbao. Unaporomoka, unakuwa rundo la nyuzi.

Akiba hiyo ina wezi wake. Kiangazi, tembo wa Tarangire na Ruaha huchimba shina kwa pembe na kutafuna nyuzi zenye maji. Gome likichunwa juu juu huota tena, lakini shimo likifika ndani sana, jitu linaanguka.

Kubwa zaidi lilitangazwa 2018. Wanasayansi walisema kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa au kumeguka tangu 2005, mingi ikiwa kusini mwa bara. Mmoja, wa Zimbabwe, ulikuwa na miaka 2,450 hivi. Walishuku mabadiliko ya hali ya hewa, ila walisema uchunguzi zaidi unahitajika.

Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha, na sisi tunapenda kujipa moyo kwa methali hiyo tukiwa tumechacha. Sawa. Ila tukumbuke na mbuzi wapo. Kila mche unaotafunwa leo ni jitu ambalo wajukuu zetu hawatalikuta. Mwenye shamba lenye mche wa mbuyu, uzungushie miiba, kaka. Miaka michache tu, halafu utajitegemea.