Ganzi ya vidole kwa wanaofuma

Baridi ya Julai inapokaza Limuru na Nyahururu, wapenzi wa kufuma hulala wakiwa wamechelewa. Rafiki amejifungua, na sweta ya mtoto ni lazima imalizike kabla ya siku ya kwenda kumwona. Usiku wa manane mfumaji huamka vidole vikiwa vimekufa ganzi. Hukung'uta mkono akidhani damu imesimama.

Mara nyingi tatizo si damu. Katika kifundo cha mkono mna njia nyembamba ambamo hupita kano 9 za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Nafasi hiyo ikipungua, mshipa hubanwa. Ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete. Kidole cha mwisho huachwa, na hapo ndipo unapoutambua ugonjwa huu. Wajawazito na wenye kisukari huupata kwa urahisi zaidi.

Weka sindano chini kila baada ya nusu saa hivi, na usifume kifundo kikiwa kimekunjwa. Hospitalini unaweza kupewa banzi la kufunga usiku ili mkono ukae umenyooka.

Vitu vikianza kukuponyoka, au nyama ya chini ya kidole gumba ikikonda, usingoje, mwone daktari. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu huenda usirudie hali yake hata baada ya upasuaji.

Sweta nayo, ifume ya mtoto wa miezi 6. Hata ukichelewa, itamtosha.