Kitoweo cha friza: Hesabu ya chakula cha jioni cha watoto Nateete

NATEETE, Kampala – Wafanyabiashara wengi wenye maduka na vibanda hapa Nateete, kwenye Barabara ya Masaka, hufunga baada ya giza kuingia. Mzazi akifika nyumbani huwasha mkaa, na maharagwe makavu huhitaji saa mbili hadi tatu mpaka yaive. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusubiri muda wote huo. Hulala na njaa, au hupewa mandazi na soda.

Kwa familia za madereva wa malori hali ni ngumu zaidi. Baba huwa safarini siku kadhaa kuelekea Mutukula, Katuna au Malaba, na mama hubaki na duka na watoto peke yake.

Wakati huo huo, maduka mengi ya eneo hili yana friza ambayo kazi yake ni kupooza soda na maji au kuhifadhi samaki. Chombo hicho kinaweza kuondoa tatizo la jioni, lakini kwa masharti, kwa kuwa si kila chakula kinafaa kugandishwa na si kila friza inajilipa.

Kinachogandishwa ni kitoweo

Waganda hutenganisha vyakula viwili katika sahani moja: emmere, yaani matoke, posho, wali au viazi, na enva, yaani kitoweo cha kulia. Kwa mtu wa friza mgawanyo huo una faida kubwa, maana kinachokula muda na mkaa mara nyingi ni enva: maharagwe, nyama ya ng'ombe, kunde, mchuzi wa karanga. Posho huiva kwa dakika 15 hadi 20, wali kwa 25 hivi, na viazi ulaya vilivyokatwa vidogo kwa 20.

Hivyo basi, kitoweo ndicho kinachopaswa kupikwa kwa wingi siku moja na kugandishwa. Emmere ipikwe jioni ile ile. Matoke yaliyopikwa na kupoa huwa magumu, na viazi vya kuchemsha vikigandishwa vizima hubadilika na kuwa vya chengachenga. Watoto huvikataa, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema chakula cha friza hakiliki.

Chukua mfano wa kilo mbili za maharagwe makavu. Hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea humwagwa, kisha huchemshwa vizuri mpaka yalainike kabisa. Huongezwa kitunguu, nyanya na karoti. Chumvi iwe kidogo sana, kwani watu wazima wanaweza kuongeza yao mezani. Kilo mbili hizo hutoa karibu kilo tano za kitoweo, sawa na mikebe kumi ya nusu kilo. Kwa nyumba yenye watoto wawili au watatu wadogo, mkebe mmoja ni chakula cha jioni moja.

Mwenye nafasi ya kuchagua mbegu aulizie aina za NAROBEAN, zilizotolewa na shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, mwaka 2016. Zina madini ya chuma na zinki kwa wingi kuliko maharagwe ya kawaida, na upungufu wa damu ni tatizo la watoto wengi.

Kwa walio kati ya miezi sita na miaka miwili, Uganda ina chakula chake kinachojulikana kwa muda mrefu, kitobero. Kimefundishwa kwa miaka mingi na kitengo cha lishe cha Mwanamugimu katika Hospitali ya Mulago, kilichoanzishwa mwaka 1965. Huchanganywa chakula cha wanga, protini ya mmea kama maharagwe au karanga, protini ya mnyama kama samaki au nyama, na mboga za majani, kisha hupikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Ukitaka kukitumia siku za haraka, gandisha sehemu ya maharagwe, nyama ya kusaga na mboga katika vipimo vidogo vya kikombe kimoja, na kiazi au ndizi uongeze siku ya kulisha. Samaki atolewe miba yote kabla ya kugandishwa, si wakati wa kulisha mtoto gizani.

Mchuzi wa karanga nao hugandishwa bila shida, ila friza haiondoi sumu ya ukungu. Karanga iliyoota ukungu hubaki na sumu hiyo hata ikipikwa na kugandishwa. Wafanyabiashara wanalijua jambo hili kwa njia ya uchungu: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, likiwemo la kutozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi na karanga ambazo mnunuzi wa Busia angezikataa hazifai kwenda kwenye sufuria ya mtoto.

Kupooza na kupasha moto

Sehemu inayoharibu watu ni saa mbili za kwanza baada ya kupika. Sufuria kubwa ya moto ikiachwa mezani mpaka asubuhi, vijidudu huzaliana, na friza haiviui, huvilaza tu. Kitoweo kigawanywe mara moja katika mikebe mifupi, kina kisichozidi vidole vitatu, kipoe juu ya beseni la maji baridi, kisha kiingie kwenye friza ndani ya saa mbili. Friza iwe katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Tarehe iandikwe kwenye mfuniko, na kitoweo kitumike ndani ya miezi miwili hadi mitatu.

Jioni, mkebe hutolewa na kumiminwa kwenye sufuria pamoja na maji kidogo, moto mdogo, kwa dakika 15 hivi, ukikoroga mpaka kichemke kote na si pembeni tu. Wakati huo posho inaiva kwenye jiko la pili. Kilichobaki baada ya kupashwa moto kisirudishwe kugandishwa.

Kama friza ni ya duka na ina samaki wabichi, chakula cha watoto kikae juu, katika mikebe yenye mfuniko unaobana. Maji ya samaki hayatakiwi kudondokea chakula kilichopikwa.

Friza inajilipa lini?

Friza ndogo hutumia takriban uniti 20 hadi 30 za umeme kwa mwezi, kutegemea joto na mara inavyofunguliwa. Uniti 15 za kwanza za bei nafuu kwa mteja wa nyumbani haziitoshi peke yake. Ikihesabiwa kwa Sh750 kwa uniti, uniti 25 ni Sh18,750 kwa mwezi, au karibu Sh4,700 kwa wiki.

Kwa upande wa pili kuna mkaa. Kupika kilo mbili za maharagwe hakuhitaji mkaa mara nne ya kupika nusu kilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto huenda kwenye kuchemsha na kusubiri. Anayepika mara moja badala ya mara nne kwa wiki huokoa moto wa mara tatu au karibu na hapo. Bei ya mkaa Kampala imebanwa zaidi tangu Mei 2023, Rais Museveni alipopiga marufuku biashara ya mkaa kutoka kaskazini mwa nchi. Kila mtu apige hesabu kwa bei anayonunulia yeye, kwa gunia au kwa kopo.

Ukweli ni kwamba kununua friza mpya kwa ajili ya chakula cha watoto pekee ni vigumu kujilipa, hasa kwa kuwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2009 ilizuia kuingiza nchini friji na friza zilizotumika. Lakini kwa mwenye friza dukani inayowaka usiku na mchana, nafasi ya mikebe kumi haina gharama ya kutajika. Asiye na friza huenda akafaidika zaidi na sufuria ya presha.

Umeme ukikatika

Uganda ya leo si ile ya mgawo wa mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka. Bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024. Hata hivyo, nguzo na transfoma bado ni tatizo, na tangu Aprili 1, 2025 kazi ya usambazaji iko kwa UEDCL baada ya mkataba wa miaka 20 wa Umeme kumalizika. Yaka nayo huisha usiku.

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Nafasi tupu ijazwe chupa za maji. Kitoweo chenye barafu ndani kinaweza kuachwa kigande tena. Kilicholainika na kupoteza ubaridi kitupwe, hata kama kinanukia vizuri.

Kuuza nje ya mpaka

Wapo watakaoona hapa biashara ya kitoweo kilichogandishwa. Ndani ya Uganda itahitajika alama ya UNBS. Utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki unaruhusu bidhaa za asili ya kanda zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kuvuka kwa cheti chepesi cha asili, lakini nyama na samaki bado vinahitaji cheti cha afya. Mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege ilitosha kufunga mpaka wa Kenya kwa kuku wa Uganda. Gari lisilo na jokofu lisijaribiwe. Ufungashaji nao uangaliwe: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na mzigo unaweza kukwama mpakani kwa sababu ya mfuko tu, kitoweo kikiyeyuka ndani yake.