Utengenezaji wa bafle: spika nayo inakula nafasi ndani ya sanduku

Waamini wanachanga feza kwa miezi mingi, wananunua spika ya inchi 12, kisha wanamupatia seremala kazi ya kutengeneza sanduku. Siku ya ibada, gitaa ya bezi inapiga lakini kinachosikika ni mvumo mchafu. Baada ya majuma machache, spika inaungua. Mmoja anasema ilikuwa ya bandia, mwingine analaumu umeme. Ni wachache wanaouliza: je, sanduku lilipimwa namna gani?

Toka Goma mpaka Bukavu, Butembo na Bunia, bafle nyingi za makanisa, za baa na za sherehe za ndoa zinatengenezwa na mafundi wa hapa kwetu. Wengi wana mikono mizuri. Lakini kuna hesabu moja ndogo ambayo inasahauliwa kwa urahisi: spika yenyewe, pamoja na sumaku yake, inachukua nafasi ya hewa.

Hewa ni kama resori

Hewa iliyofungwa nyuma ya spika inafanya kazi kama resori ya gari. Ikiwa nyingi, resori inalegea. Ikiwa kidogo, inakaza. Kwa sababu hiyo kila spika inaomba kiasi fulani cha lita.

Tuchukue mfano. Sanduku lina sentimita 50 kwa 45 kwa 40 kwa nje. Ukizidisha, unapata lita 90. Lakini ubao una unene wa milimita 18 kila upande. Kwa ndani zinabaki sentimita 46,4 kwa 41,4 kwa 36,4, ndiyo lita 70 hivi. Mbao peke yake zimekula lita 20.

Kupima spika

Gawanya spika katika sehemu mbili. Sumaku ina umbo la kopo: chukua nusu ya upana wake, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3,14, kisha kwa urefu. Sumaku yenye upana wa sentimita 16 na urefu wa 5 inachukua sentimita mchemraba 1.005, ni kusema lita 1.

Sehemu ya pili ni ile inayopanuka kama ndoo. Tuseme nusu ya upana wake ni sentimita 14 juu na 7 chini, na urefu ni 8. Fanya 14 mara 14, 14 mara 7, na 7 mara 7. Jumlisha, unapata 343. Zidisha kwa 3,14 na kwa 8, kisha gawanya kwa 3. Jibu ni karibu lita 2,9. Spika nzima inachukua lita 4 hivi.

Asiyependa hesabu anaweza kutumia maharagi. Jaza katoni kwa maharagi makavu, ukihesabu lita kwa chombo cha kupimia. Yatoe. Funika spika kwa plastiki nyepesi, iweke ndani ya katoni, uso chini na sumaku juu, kisha rudisha maharagi mpaka ukingoni. Yale yanayobaki nje ndiyo nafasi ya spika. Usitumie maji, wala mchanga: una chembe za chuma ambazo sumaku inazivuta, na zikiingia ndani zitakwaruza bobini.

Angalizo: kwenye karatasi ya spika kuna namba inayoitwa Vas, nayo inaandikwa kwa lita. Hiyo haionyeshi nafasi ambayo spika inachukua. Inaonyesha tu ulegevu wa spika ukilinganishwa na hewa.

Hasara inatoka wapi?

Ongeza tiyo ya plastiki ya milimita 110 inayoingia sentimita 10 ndani: lita 1. Ongeza miti miwili ya kukaza sanduku, ya sentimita 5 kwa 5 na urefu wa 40: lita 2. Pamoja na spika, ni lita 7. Hewa iliyobaki ni lita 63, si 90.

Fundi aliyekata tiyo yake kwa hesabu ya lita 90 ili bafle ifanye kazi vizuri kuanzia mitetemo 40 kwa sekunde, sasa inaanzia karibu 48. Lakini kamba nene ya gitaa ya bezi inapiga 41. Chini ya kiwango cha tiyo, hewa haishikilii tena spika. Inaruka mbele na nyuma kupita uwezo wake, na bobini inaweza kugonga ao kupasuka.

Dawa yake haiombi feza. Kabla ya kukata ubao, anza na lita ambazo spika inaomba, ongeza zile za spika yenyewe, za tiyo na za miti, kisha pima kwa ndani. Spika ikiomba lita 63, sanduku letu la lita 70 ndilo linalofaa. Anayeagiza bafle naye amuulize fundi wake: umetoa lita ngapi kwa ajili ya spika?