Panya mudogo hakupata kansere: hiyo inatuambia nini sisi watu?

Ukisha kupata licence ya agronomia, jamaa yote inakugeuza munganga. Wanakuuliza: "Bwana agronomu, ni kweli huu muti unazuia kansere?" Mimi wananiuliza zaidi juu ya Prunus africana, ule muti wa milima ya Kivu ambao maganda yake yanauzishwa mupaka Ulaya. Kwenye WhatsApp utasoma: "Wanasayansi wamehakikisha." Basi tuangalie ni nini kabisa walihakikisha, juu watu wa nyumbani wanatuamini sisi wenye kusoma, na jibu letu linaweza kumupeleka mutu hospitali ao kumuchelewesha.

Tuanze na kile kilicho kweli. Mwaka wa 1966, kule Ufaransa, waliandikisha haki ya kutengeneza dawa kutoka maganda ya muti huu. Dawa hiyo ni ya wanaume wazee wenye prostati iliyovimba: wanaamuka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, na mukojo unatoka polepole. Lakini huo uvimbe hauko kansere, ni ugonjwa mwingine. Fujo inaanzia hapo: mutu anasikia "prostati", kichwani anaandika "kansere".

Na juu ya kansere yenyewe? Kuko jaribio moja lililotangazwa mwaka wa 2007. Watafiti walichukua panya wadogo ambao jeni zao zilibadilishwa ili wapate kansere ya prostati kwa urahisi. Kundi moja lilikula chakula kilichochanganywa na dawa ya Prunus africana. Kundi lingine, la kulinganisha, lilikula chakula chenye kazeini, protini ya maziwa. Mwishoni, katika kundi la kulinganisha 62,5% walikuwa na kansere. Katika kundi la dawa, 35%. Ni tofauti kubwa, na ni habari nzuri. Lakini soma vizuri: hata wale waliokula dawa, zaidi ya mumoja kati ya watatu aliugua.

Sasa, mbele ya kutoka panya kwenda kwa baba yako, uliza maswali matatu.

La kwanza: munyama ni nani? Huyu panya alitengenezwa apate kansere ya namna moja, kwa njia moja, ndani ya miezi michache. Kansere ya mutu inachukua miaka makumi, na inatoka kwa sababu nyingi: umri, ukoo, chakula, moshi, virusi.

La pili: alipewa nini? Hakupewa mayi ya maganda yaliyochemushwa. Kati ya vitu vinavyotafutwa ndani ya maganda hayo kuko fitosteroli, na hizo ni za jamii ya mafuta. Haziyeyuki vizuri ndani ya mayi. Kiwandani wanazitoa kwa dawa za kikemia zenye kuyeyusha mafuta. Kwa hiyo sufuria ya nyumbani na kidonge cha kiwanda haviko kitu kimoja, hata kama muti ni ule ule.

La tatu: kipimo ni gani? Tuseme panya anapewa miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili. Ukipiga hesabu ya haraka kwa mutu wa kilo 60, utasema miligramu 6.000. Hapana. Mwili wa panya unachoma vitu haraka kuliko wetu, kwa hiyo hesabu ya kawaida ni kugawanya kwa 12,3. Unapata karibu miligramu 490. Na hiyo ni ya kuanzia jaribio tu, haiko ruhusa ya kunywa.

Mutu anaweza kusema: "Ni kitu cha muti, hakiwezi kuumiza." Kumbuka beta-karotini, ile rangi ya karoti. Ilionekana nzuri kwa wanyama, tena watu wenye kula mboga nyingi za rangi hiyo walikuwa na kansere kidogo. Kule Finland wakaijaribu kwa wanaume 29.133 wenye kuvuta sigara. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza vidonge vya beta-karotini walipata kansere ya mapafu 18% zaidi. Marekani jaribio lingine la namna hiyo lilisimamishwa mbele ya wakati, mwaka wa 1996, juu ya sababu ile ile. Karoti haikuwa sumu. Kidonge chenye kipimo kikubwa, ndani ya mapafu ya muvutaji, kilifanya kazi nyingine.

Kwetu hatari iko hivi. Prostati iliyovimba na kansere ya prostati zinaweza kuwa na alama zile zile. Muzee anakunywa maganda, anajisikia vizuri kidogo, anangoja mwaka muzima. Kama ilikuwa kansere, ule mwaka hautarudi. Na muti nao unalipa: ukiutoa maganda kuzunguka shina lote, unakauka. Ndiyo sababu tangu 1995 biashara yake inaangaliwa na mapatano ya CITES.

Basi agronomu ajibu nini? Mimi ninajibu: kuzuia kansere kuko hata shambani, lakini hakuuzishwi ndani ya chupa. Kuvu ya mahindi na karanga inatoa aflatoksini, na hiyo inajulikana wazi kwamba inaleta kansere ya maini kwa watu, zaidi kwa mwenye hepatiti B. Kausha mahindi mupaka unyevu wa 13%, karanga chini ya 8%. Anika juu ya hema, haiko juu ya udongo. Chagua zenye kuvu na uzitupe, usiwape kuku. Watoto wapate chanjo ya hepatiti B.

Na muzee mwenye kuamuka usiku mara tano, usimutafutie maganda. Mupeleke kwanza apimwe. Majibu yakitoka, hapo ndipo munganga ataona kama dawa ya muti iko na nafasi.